Hakuna kipimo cha dawa ya kuharakisha uchungu

Swali: Jambo mama mkunga. Mimi ni reko (mhudumu wa afya wa kujitolea) kijijini, upande wa Walungu. Jirani yangu anakaribia kuzaa, mimba ya sita. Kituo cha afya kiko mbali, na mama mkwe wake ameandaa mizizi ya kuchemsha ili uchungu uende haraka. Ni kipimo gani hakitamdhuru?

Jibu: Ndugu yangu, hakipo. Hapa Bukavu naulizwa kipimo kila mara, wala hakuna anayeuliza kama dawa yenyewe inahitajika. Fungu la mizizi la leo linaweza kuwa kali kuliko la jana, nani atajua?

Kinachonichosha ni imani kwamba uchungu mkali ndio uchungu mzuri. Mfuko wa uzazi hubana na kuachia, na ni unapoachia ndipo damu inamfikia mtoto vizuri. Ukilazimishwa kubana mfululizo, mtoto anakosa hewa. Kama amelala vibaya, hakuna nguvu itakayomtoa. Mfuko ndio utakaopasuka. Mtasema njia ya mimba ya sita imezoea. Kumbe mfuko uliozaa mara nyingi ndio hupasuka kwa urahisi zaidi, na ukichoka, haubani baada ya kuzaa: damu haikatiki.

Huyo mama ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu na kituo. Mama mkwe amsindikize, kwani neno lake linasikika kuliko lako. Pesa ya pikipiki iwekwe sasa.

Ila bibi huyo simlaumu sana. Wanaonikasirisha ni wenye vijiduka vya dawa wanaomchoma mama sindano ya oksitosini, dawa ya kubanisha mfuko wa uzazi, mtoto akiwa bado tumboni. Dawa ni njema: yuniti 10 mtoto akishatoka, kuzuia damu nyingi. Kabla ya hapo hupitishwa mshipani kwa mpira wa dripu, tone kwa tone, penye chumba cha upasuaji, mtu akisikiliza moyo wa mtoto, tayari kuifunga. Iliyoingia msulini nani ataitoa? Tena inataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Wao wanaitoa kwenye droo. Joto likiisha kuidhoofisha, uchungu hauji, basi wanaongeza ampuli ya pili, ya tatu. Hapo wamejizoesha kipimo, na siku wakipata boksi lililotunzwa vizuri wanachoma kilekile. Ukiwa na mtu wa namna hiyo kijijini kwenu, mwambie mwuguzi mkuu wa kituo siku hiyohiyo, hata kama ni shemeji yako.