Nataka kuandika kuhusu singeli, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma chuo hapa Dar es Salaam, kwetu ni Iringa. Kwa kazi yangu ya mwaka wa mwisho nimechagua muziki wa singeli na watu wake. Nilikwenda kwenye kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha, Manzese, nikasimama pembeni, nikaanza kurekodi kwa simu. Dada mmoja aliyekuwa akicheza akanifuata akaniamuru nifute, watu wakanizunguka. Wenzangu bwenini wanasema niachane nao, ni wahuni. Lakini muziki wenyewe naupenda kweli. Nifanyeje?
Msomaji, Ubungo

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiachane nao. Ila yule dada alikuwa na haki yake. Video ya mwanamke anayecheza ikishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, itafika kwa wakwe zake na kwa mwajiri wake, na atakayeulizwa ni yeye, si MC anayechana wala DJ.

Mimi nimekulia Manzese, Midizini, na jambo la kwanza ninalokuomba ulishike ni kwamba kigodoro si tamasha la kukata tiketi. Ni shughuli ya mtu. Kuna mama anaozesha, au anamcheza mwali wake. Amekodi turubai, viti na spika, amekwenda serikali ya mtaa kuomba kibali, wenzake wa kikundi wamemchangia. Ukitokea gizani na simu juu, umeingia sebuleni kwa watu bila hodi.

Kwa hiyo anza na mwenye shughuli. Nenda mchana, turubai likiwa bado linafungwa na wanawake wanamenya vitunguu. Salimia, sema unasoma nini, kaa umenye na wewe. Usiku utakaporudi utakuwa mgeni wa mama fulani, na hapo hata kijana mkorofi anakupisha. Beba noti za elfu moja moja za kutunza. MC akitunzwa hulitaja jina la aliyemtunza na kumwingiza kwenye mashairi yake papo hapo. Sikiliza hapo vizuri, maana ndipo utakapojua nani ni nani katika mtaa ule.

Kuhusu uhuni, sitakuficha. Ugomvi hutokea, vibaka wapo, na jirani mwenye mtoto mgonjwa huteseka usiku kucha. Nenda na mwenzako, panga mapema namna ya kurudi. Na huyo jirani umhoji pia, ana lake la kusema. Lakini neno hilo la uhuni ni la zamani. Kabla ya singeli tulikuwa na mchiriku, kinanda kidogo cha Casio na ngoma, spika zikikoroma mpaka alfajiri, na waliopiga waliitwa hivyo hivyo. Wazee waliopiga mchiriku bado wapo mitaani. Watafute mapema.

Kisha nenda studio. Singeli ilianza kwa DJ kukata kipande cha taarabu kisicho na sauti ya mwimbaji, kukizungusha na kukikimbiza, MC akichana juu yake. Leo biti zinatengenezwa kwenye kompyuta, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, nyingine zinakaribia 300. Mburahati kuna Sisso Studios. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo zao, Sounds of Sisso, na baada ya hapo vijana wa uswahilini wakaanza kuitwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Upande mwingine wapo waimbaji kina Msaga Sumu na Man Fongo, waliopenya kwenye redio za hapa nyumbani. Usiwachanganye. Wametoka mitaa ileile, ila wasikilizaji wao ni tofauti, na mifuko yao pia.

Mimi ningekuwa wewe ningekaa zaidi na anayetengeneza biti kuliko MC. MC kila mtu anamhoji. Muulize prodyuza biti moja anauza kiasi gani, analipwa kabla au baada, na wimbo ukishasambaa kwa flashi na simu anabaki na nini. Muulize pia kama aliwahi kusaini mkataba, na ulikuwa kwa lugha gani. Hayo yananiuma, kwa sababu muziki huu unalisha watu wengi na sioni wakiandikwa mahali.

Kurekodi, rekodi sauti kwa ruhusa. Picha za wanaocheza achana nazo kabisa. Andika kwa macho yako. Ukimaliza, kabla hujakabidhi kazi chuoni, wapelekee nakala mama mwenye shughuli na vijana wa studio wakusahihishie majina, na kama kuna wanalotaka litoke, litoe.