Usiing'oe miti ya korongoni kabla hujaikagua

Ndugu muulizaji wa Nachingwea, nimekuelewa: korongo lako hukauka kiangazi chote, miti imeota katikati ya mchanga, na mvua zikianza maji huikwepa na kula ukingo wa upande wa mikorosho yako, ndiyo maana unataka kuing'oa yote.

Nakusihi usifanye hivyo. Mti ulioota mkondoni hupunguza kasi ya maji, mchanga ukatua nyuma ya shina, tuta likajengeka na miche mingine ikaota juu yake, hadi mkondo mmoja ukagawanyika; katika mito mikavu ya Australia ya kati, matuta ya namna hii hurefuka sana kufuata mkondo. Ukiing'oa, mchanga huo wote utaachiwa na maji yatashuka kwa nguvu zaidi.

Kagua kila shina sasa, kukiwa kukavu. Magogo na takataka zilizonasa ziondoe kabla ya Desemba, kwani huenda hizo ndizo zinazosukuma maji pembeni, wala si mti wenyewe. Kwenye ukingo unaoliwa acha vichaka viote na uongeze mianzi. Ukiona mizizi inaning'inia hewani, ujue ukingo umechimbwa kwa chini. Usisimame juu yake.

Ikibidi kukata, muone kwanza ofisa mazingira wa wilaya au Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, Mtwara, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.