Kupanga siku nne za mjini na vilimani

Umeuliza namna ya kugawa mapumziko ya siku nne, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, kati ya mji na vilima vilivyo karibu nao. Kwa maoni yangu, panga kwanza siku za vilimani, kwa kuwa mvua haiharibu ziara ya makumbusho. Tenga Jumamosi kwa matembezi marefu na uiache Jumapili iwe akiba, ili hali ya hewa ikichafuka ubadilishe siku hizo bila kuvuruga safari nzima. Ijumaa na Jumatatu, ambazo kwa kawaida humezwa na usafiri, zitatosha kwa mitaa iliyo karibu na unapolala. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, hivyo hakikisha mapema.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukadiria njia ya mlimani kwa umbali peke yake. Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo, kwa vipimo vya leo, ni takriban saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 600 itachukua basi saa 3, bila kuhesabu mapumziko wala kupiga picha (na picha hula muda kweli kweli). Piga hesabu hiyo ukianzia saa ya basi la mwisho la kurudi, ukienda kinyumenyume hadi saa ya kuondoka.