Re: Utando wa zinki oksidi unaobadilika ukipigwa na jua

Ndugu wa Goma, umeuliza kwa nini utando wako wa zinki oksidi yenye alumini hushuka ukinzani ukiuweka dirishani, kisha gizani unachelewa kurudi. Multimeta yako haina kosa.

Joto silo la kulaumu kwanza. Pengo la nishati la zinki oksidi, yaani nishati inayohitajika kuing'oa elektroni ili ipitishe umeme, ni kama 3.3 eV (elektroni-volti), kwa hiyo kazi inafanywa na urujuanimno, mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 375 hivi. Utamu uko hapa: kwenye mipaka ya chembe za fuwele zinazounda utando, oksijeni ya hewani imejibandika na kunyakua elektroni. Mwanga unazaa elektroni huru na matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni hizo. Tundu linainyang'anya oksijeni elektroni yake, oksijeni inabanduka, na elektroni iliyozaliwa inabaki huru, haina tundu la kurudia. Giza likiingia, ukinzani haurudi hadi oksijeni ijibandike upya, polepole. Mimi huku Bukavu nilifungia kipande ndani ya kopo la maziwa ya unga, asubuhi kilikuwa bado hakijatulia!

Ila alumini ikiingia vizuri, elektroni tayari ni tele na badiliko huwa dogo. Lako ni kubwa? Nashuku alumini haikukaa ndani ya fuwele. Ulichoma utando kwa nyuzi ngapi?