Kilwa hadi Mtwara: jibu kwa anayeuliza aende Juni au Novemba

Ndugu, umeuliza kama inafaa kutumia likizo ya siku kumi kutoka Kilwa hadi Mtwara kwa ajili ya sanaa, chakula na mambo ya kale, na kama uende mwishoni mwa Juni au Novemba. Inafaa sana. Nimefundisha Lindi kwa miaka mingi na ukoo wa mama yangu uko Newala, kwa hiyo nakujibu kama mtu anayeipenda sehemu ile na anayetamani uione vizuri. Nakushauri kwanza uweke pembeni orodha ya maeneo na uitazame kalenda, kwa sababu kusini mambo mengi unayotaka kuyaona hayaandaliwi kwa ajili ya mgeni. Ngoma huchezwa kwa kuwa kuna watoto wanaotoka jandoni au unyagoni, pweza hupatikana kwa kuwa maji yamekupwa vya kutosha, na mabibo hujaa uani kwa kuwa ni msimu wa korosho. Anayefika nje ya nyakati hizo huona majengo na fukwe tu, kisha hurudi akisema kusini hakuna kitu.

Anza na Kilwa Kisiwani, ambako kibali hutolewa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzuia mmomonyoko na kuimarisha kuta. Msikiti Mkuu utakushika kwa muda mrefu kama utaupa nafasi. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi, na upanuzi wenye kuba na matao ulijengwa katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyempokea Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, mwaka 1331. Mwombe kiongozi wako, ambaye kwa kawaida ni mkazi wa kisiwani, akuonyeshe tofauti ya mawe: ya ukutani ni mawe magumu ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, ilhali ya mihirabu na vizingiti ni matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa, kisha yakakauka na kuwa magumu hewani. Ukishaijua siri hiyo ya mafundi wa pwani, kila mlango utakaouona hadi Mikindani, mji wa kale karibu na Mtwara, utausoma kwa jicho jingine.

Usikubali kurudishwa Masoko bila kufika Husuni Kubwa, jumba la sultani huyohuyo lililo juu ya genge upande wa mashariki, lenye birika la pembe nane na vyumba zaidi ya mia moja. Ni mbali kidogo kwa miguu, na wageni wenye haraka huliacha. Dhahabu ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, iliyopitia Kilwa ndiyo iliyolipia jumba lile, na ukisimama kwenye ukingo wake ukatazama mlango wa bandari, utaelewa kwa nini Wareno waliuteka mji huu mwaka 1505. Gereza, yaani ngome unayoiona karibu na maji, si lile lao la awali, kwani jengo la sasa ni la Waomani, la mnamo mwaka 1800.

Kilwa Kivinje ni mji unaoniumiza moyo. Ulikuwa mji mkubwa wa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa katika karne ya 19, na watu bado wanaishi ndani yake, lakini nyumba za mawe zinaanguka moja baada ya nyingine kwa kukosa chokaa na boriti. Hapo ndipo penye kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani waliponyonga watu wakati wa Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, si mbali na hapo. Nenda polepole, salimia wazee walioketi barazani na uwape nafasi ya kukueleza wenyewe. Nimesikia mengi zaidi barazani Kivinje kuliko katika kibao chochote cha maelezo.

Kuhusu chakula, panga siku zako za Kilwa ziangukie bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mchanga au mwezi mpevu. Katika pwani yetu, maji ya bamvua hukupwa zaidi kwenye saa nne asubuhi, na wakati huo utaona wanawake wakitembea mwambani na fimbo zenye ncha, wakikagua mashimo ya pweza mmoja baada ya mwingine. Jioni pweza huyo, akiisha kupigwa hadi alainike, hupikwa kwa tui zito na kuliwa kwa wali au kwa ugali wa muhogo. Katika siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, utaletewa pweza aliyelala, na hutajua umekosa nini. Kuanzia Lindi kwenda mbele, tafuta ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa sokoni na kando ya barabara, ambayo huliwa kwa chumvi na pilipili. Kisamvu cha nazi kipo kila mahali, ila nyumbani kwa mama yangu mboga huungwa kwa korosho mbichi zilizotwangwa, na kwangu hiyo ndiyo ladha ya kusini. Ukienda Novemba utakuta korosho zikiokotwa, mabibo yakikamuliwa, na wanaokunywa uraka, pombe ya mabibo, wakinywa.

Sanaa ya Wamakonde inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wengi hufika Mtwara wakitarajia mitaa ya wachongaji. Wachongaji wengi mashuhuri wa mpingo walitoka upande wa Msumbiji, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha wakahamia Dar es Salaam, na ndiyo maana Mwenge, soko la vinyago la huko Dar, ina wachongaji wengi kuliko Mtwara mjini. Kama ni kununua, nunua Mwenge, na uangalie uzito na ile sehemu nyeupe ya mti inayoachwa ubavuni, maana kuna miti myepesi inayopakwa rangi ya viatu. Inafaa pia ujue kwamba baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu ya mpingo mwaka 2009, jambo linalopaswa kusifiwa zaidi kuliko linavyosifiwa.

Kitu ambacho Mwenge haiwezi kukupa ni mapiko, ngoma ya vinyago. Lipiko ni kinyago cha mti mwepesi kinachovaliwa kichwani kama kofia, mara nyingi kikiwa kimebandikwa nywele za binadamu, na mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima asitambulike. Huchezwa watoto wanaporudi kutoka jandoni, na siku hizi sherehe nyingi hupangwa kufuata likizo za shule, yaani Juni na Desemba. Huwezi kununua tiketi. Inakubidi ufikie kwa mwenyeji, ajulishe familia yenye shughuli, nawe uchangie kama waalikwa wengine wanavyochangia. Usiulize nani yuko ndani ya kinyago, hata kwa mzaha, na usipige picha kabla mzee wa shughuli hajakuruhusu. Sindimba, ngoma nyingine ya Wamakonde, utaiona kwa urahisi zaidi, hata katika hafla za serikali, ila ile ya kijijini huchezwa na watu wanaojuana, na tofauti huonekana.

Kwa hiyo chagua mwishoni mwa Juni. Utazikosa korosho mbichi, lakini utapata ngoma, na barabara huwa kavu kuliko wakati wa masika, ambayo mwaka 2024 yalivunja madaraja upande wa Somanga, kaskazini mwa Kilwa, na kukata njia. Kusi huvuma wakati huo, basi vuka kwenda Kisiwani asubuhi mapema kabla upepo haujashika. Tumia siku nne Kilwa, lala Lindi usiku mmoja tu, Mikindani siku moja kwa ajili ya milango yake na boma la Wajerumani la mwaka 1895, na zilizobaki zote ziwe za ngoma za Newala na vijiji vyake.