Traiga ya hatua moja au mbili: kwa vijana wanaoanza uwindaji Liwale

Vijana wengi wanaokuja Liwale kujifunza kuongoza wageni wa uwindaji huulizia kwanza ukubwa wa risasi, kisha bei ya darubini. Traiga, kile kidude unachovuta kwa kidole ili risasi itoke, hawaiulizii, na shabaha nyingi huharibikia hapo.

Traiga ya hatua moja ukiigusa haisogei. Unaongeza nguvu mpaka ifyatue. Ya hatua mbili hurudi nyuma kwanza kwa wepesi, milimita chache, halafu inagota. Hapo ndipo unapokata shauri: ukiongeza kidogo inafyatua, ukiachia inarudi mbele. Mauser 98 ya Mjerumani na Lee-Enfield ya Mwingereza, bunduki za Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyofika Mahiwa, Lindi, Oktoba 1917, zote ni za hatua mbili. Kidole cha mtu mwenye hofu hakina adabu. Ule mwendo wa kwanza humpa nafasi ya kujirudi. Bunduki za kuwindia kama Remington 700 na Winchester 70 kwa kawaida ni za hatua moja.

Kwa anayejifunza, nasema chukua ya hatua mbili. Tuseme uzito wote wa kuvuta traiga ni kilo 2, na mwendo wa kwanza unabeba kilo 1.2. Ikishagota umebakiwa na gramu 800 tu, na kongoni yuko mbali, una muda wa kupumua. Traiga ya hatua moja iliyolegezwa hadi gramu hizo 800 sikushauri, hasa mkono ukiwa na jasho.

Nyati kichakani ni habari nyingine. Pale hakuna wa kutafuta inapogota. Hatua moja ya kilo 1.5 hadi 2 inatosha. Wakongwe wengine watanibishia, wabishe.

Kubwa zaidi: ukiwa na bunduki mbili, zote ziwe za aina moja. Aliyezoea hatua mbili akishika ya hatua moja huvuta ule mwendo wa kwanza usiokuwepo, na risasi inatoka kabla hajatulia kwenye shabaha. Aliyezoea moja akishika mbili huishia kusema bunduki imelegea.

Zoezi ni la bure. Kagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole kuwa ni tupu, elekeza mtutu upande salama, weka sarafu karibu na ncha yake, kisha fyatua kavu, yaani bila risasi. Sarafu ikianguka, lawama ni ya kidole.

Mafuta mazito msimiminie humo. Vumbi la kiangazi likichanganyika nayo linakuwa tope. Skrubu nazo msiziguse. Mpelekeeni fundi wa silaha mwenye leseni, vibali mkononi. Akikurudishia, chemba ikiwa tupu, ikoki, toa sefti (kizuizi cha kufyatua), gonga kitako chini kwa nguvu kiasi. Ikijifyatua, mrudishie fundi siku hiyo hiyo.