Una Mgao wa Samaki? Hesabu kwa Ndoo, Usihesabu kwa Safari

Mwenye boti akiniuliza "mwezi huu twende wapi?", nami humuuliza: ni kipi kitakachokuishia kwanza? Usiku wa giza, petroli, mahali pa kuanika, au kiasi ulichoruhusiwa kuvua? Akijibu hilo, nusu ya mpango imeshajitengeneza. Naishi Kisumu, lakini kwa miaka sasa ndimi ninayeshika daftari la kikundi cha wenye boti za omena (dagaa wa ziwani) upande wa Mbita, kwenye Ziwa Victoria. Mabishano mengi ninayoyasikia huko hutokana na jambo hili moja: watu hupanga kana kwamba shida ni kupata samaki, kumbe kinachowabana ni kitu kingine kabisa.

Kwanza tuelewane. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, na katika kipande hicho mvuvi wa omena hagawiwi kilo za mwaka mzima na serikali. Sisi hubanwa kwa njia nyingine. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, nyavu zina kipimo cha matundu, na mbuta (sangara) anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 hadi 85. Mgao ninaouzungumzia tulijiwekea wenyewe kikundini: kila boti na ndoo zake kwa mwezi. Sababu ni vichanja. Boti zote zikirudi zimejaa asubuhi moja, omena hukosa pa kuanikwa, na mvua ikishuka saa tisa mali yote inaishia kwa wasaga chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hupotelea. Chukua mfano wa boti moja na sehemu mbili za kuvua. Karibu na kwenu boti inatumia lita 10 za petroli na kurudi na ndoo 20. Mbali, nje ya kisiwa cha Mfangano, inatumia lita 35 na kurudi na ndoo 35. Nahodha yeyote atakuambia kule mbali ndiko kwenye samaki, na hasemi uongo. Lakini gawanya petroli kwa ndoo: karibu ni nusu lita kwa ndoo, mbali ni lita nzima.

Omena huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, kwa hiyo usiku unaofaa ni wa kuhesabu. Tuseme mwezi huu umepata 18. Mgao wako ukiwa ndoo 300, ya nini kwenda mbali? Karibu kunatosha na usiku unabaki. Mgao ukiwa ndoo 600, hadithi inageuka: karibu hata ukitoka usiku wote 18 utaishia 360, basi itabidi mbali iwe ndiyo kawaida yako. Ukiwa 450, changanya: usiku 12 karibu na usiku 6 mbali, ndoo 450 kamili, petroli lita 330. Yule aliyeng'ang'ania mbali tu atamaliza mgao kwa safari 13 na lita 455. Samaki ni wale wale, lakini yeye amechoma lita 125 zaidi. Na kwa kuwa kwetu petroli hutolewa kwanza ndipo pesa zigawanywe kati ya boti, nyavu na mabaharia, lita hizo zimetoka mifukoni mwa watu wote. Mabaharia watalalamika kwamba wamekesha usiku mwingi zaidi, na wana haki ya kulalamika. Waonyeshe daftari, halafu waamue wao kama lita 125 zinalipa usingizi wao. Wakati mwingine hazilipi.

Namba zenu zitakuwa tofauti na hizo. Ndiyo maana nasisitiza daftari: tarehe, mbalamwezi ilivyo, mlikotega, ndoo, lita, bei ya ufukweni asubuhi ile, na ndoo zilizoharibika. Hiyo ya mwisho watu huificha, ilhali ndiyo inayofundisha.

Kuhusu wakati. Mgao ukiwa wako binafsi, samaki wako hakimbilii kwa jirani. Watu huchelewa kulielewa hili kwa sababu wamezoea kushindana. Tazama kilichotokea Alaska kwa samaki anayeitwa halibut. Kabla ya 1995 meli zote zilikuwa zinagombania kiasi kimoja cha pamoja, na msimu ulikuwa umebanwa hadi sehemu nyingi zikawa zinafunguliwa kwa saa 24 tu, mara chache kwa mwaka. Hali ya hewa ikiwa mbaya siku hiyo, wanatoka hivyo hivyo. Samaki wote wanafika bandarini kwa mpigo, wanagandishwa, bei inaanguka. Tangu 1995 kila mwenye meli ana sehemu yake, msimu ukarefuka hadi kama miezi minane, na samaki wakaanza kuuzwa wabichi kwa bei nzuri. Peru nao walikuwa na mbio kama hizo kwa anchoveta, kisamaki kinachosagwa kuwa unga kama omena wetu wa daraja la chini, mpaka sheria ya 2008 ilipogawa kiasi kile kwa kila meli. (Mgao una ubaya wake pia. Iceland wananung'unika hadi leo kwamba haki za kuvua zimejikusanya mikononi mwa wachache. Mkijiwekea mgao, andikeni mapema kama mtu anaruhusiwa kuuza wake, na kwa nani.)

Mbio zetu sisi ni za tarehe 1 Agosti. Ziwa likifunguliwa, kila chenye injini kinaelea, na baada ya siku chache omena amejaa ufukweni kuliko wanunuzi. Ushauri wangu kwa mwenye mgao wa mwezi ni kwamba zile siku za mwanzo apeleke boti chache, au atoke kwa nusu nguvu, mgao mwingi autunze hadi kipindi kinachofuata cha usiku wa giza. Kinyume chake, Februari na Machi, kabla ya kufungwa, jua likiwa bado kali, vua na uanike kwa uangalifu, maana omena aliyekauka vizuri anakaa, na mkiingia Mei bei inapanda. Novemba, mvua za vuli zikishika, mimi hupunguza ndoo za boti zote hata kama ziwa limejaa samaki. Kinachotubana wakati huo ni jua. Wiki ya kawaida nayo ina siku zake: ukiuza soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili ndiyo siku yake, kwa hiyo mzigo wa usiku wa Alhamisi unaokauka Ijumaa una thamani kuliko wa Jumamosi usiku.

Kuhusu mahali, petroli si hesabu pekee. Karibu na ufuko na ndani ya ghuba, nyavu za omena hukusanya pia watoto wa ngege (tilapia) na mbuta. Hao hupati kuwauza kihalali, na ndio samaki wako wa miaka ijayo. Peru, meli zikianza kupata anchoveta wengi wa chini ya sentimita 12, eneo hilo hufungwa kwa muda. Sisi tumeiga kwa njia rahisi: boti ikileta vitoto vingi, nahodha anapiga simu usiku ule ule na boti za kikundi hazirudi pale hadi kipindi cha giza kijacho. Kwa hiyo ile "karibu" yenye petroli ndogo inaweza kuwa ghali, na ukiona vitoto vinazidi, iondoe kwenye hesabu hata kama daftari linaisifu.

Halafu kuna mpaka wa nchi ziwani. Boti ikikamatwa upande wa pili, faini na usiku mtakaoupoteza vinakula faida ya safari nyingi. Nahodha awe na simu yenye ramani na chaji ya kutosha, na mpango useme waziwazi mstari wa mwisho ni upi. Upepo nao uachieni nahodha. Mvua za radi hupenda kupiga ziwani usiku na alfajiri. Someni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa jioni, lakini nahodha akisema leo hatutoki, asibishwe na mwenye daftari. Usiku uliopotea unafidiwa kwa kuhamisha ndoo, na hapa ndipo kikundi kinafaa: boti yenye injini nzuri inachukua safari za mbali kwa niaba ya zile chakavu, zile chakavu zinavua karibu, na mwisho wa mwezi ndoo zinahesabiwa pamoja. Makubaliano ya malipo yaandikwe kabla ya boti kuondoka. Usiyaache yazungumzwe samaki akiwa ameshashushwa.

Na kikao cha kupanga msikifanye wenye boti na manahodha peke yenu. Akina mama wanaoanika ndio wanaojua vichanja vingapi vimevunjika, mnunuzi gani hajalipa, na mawingu ya wiki hii yanaelekea wapi. Kikao chetu huanza saa kumi jioni, wakishaanua, na mgao wa mwezi hauandikwi mpaka wao watamke ndoo wanazoweza kukausha.